Nikiifuata Shaba mpaka Baharini

Mtoto wa Base ya Kamina huijua ndege kabla hajaujua mtumbwi. Wabeljiji walipoijenga kambi ile baada ya Vita Kuu ya Pili, walitandaza viwanja vikubwa vya kurukia ndege, na katika miaka ya 1950 wakawa wanafundisha marubani wao hapo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Umoja wa Mataifa uliishika kambi. Baadaye ikawa ya jeshi letu la Kongo. Nimezaliwa hapo, mtoto wa askari. Baba na wenzake walisema Kilingala, bibi alisema Kiluba, shuleni tulisoma Kifaransa, na sokoni tulinunua chumvi na makayabu, samaki wa chumvi, kwa Kiswahili. Bahari ilikuwa rangi ya buluu pembeni mwa ramani.

Aliyenitia hamu ya kuiona ni mwalimu wetu wa historia. Siku moja alitusimulia habari za Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ndani ya Haut-Lomami yetu hii. Wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi pale mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vizuri ajabu, bangili na mikufu ya shaba, na katika makaburi ya zama za baadaye, misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Wakakuta pia kauri. Mwalimu alitua chaki akatuuliza: "Kauri inaishi wapi?" Mmoja akajibu Lualaba. Mwalimu akatikisa kichwa. Kauri ni kombe la baharini. Lile lililolala na maiti wa Sanga lilikuwa limetembea kutoka Bahari ya Hindi, mkono kwa mkono, miaka karibu elfu moja iliyopita, kabla ya Mreno, kabla ya Mbeljiji.

Nimeishi na swali la mwalimu yule miaka mingi. Mwezi wa sita mwaka jana, kiangazi kilipokaza barabara, nilimwambia mdogo wangu, ambaye ni fundi wa magari: "Twende tukaone kauri zilikotoka." Akajibu: "Yaya," kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "gari linajua njia kuliko wewe." Alisema kweli. Toyota yetu ya usukani wa kulia ilishuka melini Dar es Salaam, ikaja kwa magurudumu yake mpaka Lubumbashi, kama gari nyingi za kwetu. Sisi tungeirudisha tu.

Kutoka Base mpaka Lubumbashi tulitumia siku mbili, na siku hizo mbili ndizo zilizotuchosha kuliko zote zilizofuata. Vumbi, makorongo, malori yaliyolala ubavu, madaraja ya kushuka kwanza na kuyatazama. Springi ya nyuma ilikatika kabla ya Luena; mdogo wangu akaifunga kwa kamba ya mpira na kipande cha mti, tukatambaa hadi mjini. Nguba ilipopita, lami ikaanza, na kwa lami tukaanza kuonana na shaba.

Sijui nieleze vipi ili msomaji asiyetoka Katanga anielewe. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo letu zima liliitwa Shaba, kwa neno hili hili la Kiswahili. Baba zetu waliandika Shaba kwenye vitambulisho vyao. Sasa hapa barabarani, kutoka Likasi na Kolwezi, inapita mbele yako juu ya malori: mabamba mekundu yaliyofungwa vyuma, yamepangwa chini kabisa ya kitanda cha lori, kwani uzito wake hauruhusu kurundika. Ukiona lori refu linaloonekana kama halikubeba kitu, na matairi yake yamelala, hilo lina shaba. Mengi yanakwenda Dar es Salaam. Tukajiunga na msafara wao.

Kasumbalesa unavuka mpaka, na unahama upande wa barabara. Kwetu tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania na Kenya ni kushoto. Kwa mara ya kwanza usukani wa Toyota ulikaa mahali pake, na mdogo wangu akaweza kuyapita malori bila kuniuliza mimi niliyekaa upande wa pili kama njia ni wazi.

Zambia tuliipita kwa siku tatu: Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika. Kiswahili chetu kilikatika kama redio iliyoishiwa betri, tukawa tunanunua mafuta kwa vidole na Kibemba cha kuokoteza. Kuanzia Kapiri Mposhi reli ya TAZARA inakufuata, mara kulia mara kushoto. Kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Karibu na Serenje kuna njia inayochepuka kwenda alikofia Livingstone, Mei 1873. Hatukuchepuka, lakini nilizima redio nikawafikiria watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliouzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaubeba mabegani hadi pwani. Sisi tulikuwa tukilalamikia kiti kigumu.

Tunduma, Kiswahili kikarudi. Lakini hakikuwa kile tulichokiacha. Nilimwendea mama muuza chakula nikamsalimu kama tunavyosalimu kwetu: "Jambo, mama! Iko bukari?" Alinitazama kwa huruma. Kijana aliyekuwa akila pembeni akanifundisha: hapa ni ugali, na mama mtu mzima hupewa shikamoo. Kwetu hatuna shikamoo. Nilirudi nyuma hatua moja nikaitamka mara ya kwanza katika maisha yangu, na mama yule akaitika "Marahaba, baba" kwa sauti ya kunipokea kabisa. Tangu hapo niliitoa kila mahali, na kila mahali mlango ulifunguka. Mutuka ikawa gari, lupango ikawa kiwanja, sombe ikawa kisamvu, aksanti ikawa ahsante. Nilidhani nitaona aibu. Nikajikuta nina furaha ya mtu aliyeonyeshwa picha ya babu yake: pua ni ile ile.

Makambako tuliagana na malori ya shaba. Yao yalishika njia ya Iringa. Sisi tukakata kulia kwenda Njombe na Songea, kwa sababu nilitaka kuikuta bahari kusini, Kilwa, nipande nayo kaskazini mji kwa mji. Barabara ya Songea, Tunduru, Masasi sasa ni lami nzuri. Songea tulisimama kwenye makumbusho ya Majimaji, mahali machifu wa Wangoni waliponyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Baada ya Tunduru tairi lilipasuka, na kabla mdogo wangu hajatoa jeki watoto wanne walikuwa wameshaleta mawe ya kuzuia magurudumu. Hawakuomba kitu. Tuliwapa biskuti.

Halafu Lindi. Gari lilipanda kilima, likashuka, na ile buluu ya ramani ikawa pale chini, inatikisika. Mdogo wangu alisimamisha gari katikati ya njia. Alitembea mpaka majini na viatu vyake, akachota kwa kiganja, akaonja. "Ni chumvi kweli," akasema, kama mtu aliyekuwa ameambiwa tangu utotoni na hakuamini hadi siku hiyo.

Kilwa nitaisema kwa kirefu, maana ndiyo iliyonigeuza.

Kwanza jina. Kwetu Haut-Katanga tuna Kilwa yetu, mji wa wavuvi kwenye Ziwa Mweru. Nilipomwambia hivyo nahodha wa mashua pale Kilwa Masoko, mzee mwembamba mwenye kofia ya vito, alishika goti lake akacheka: "Basi mmetoka Kilwa mmekuja Kilwa, wanangu. Karibuni nyumbani." Tulikuwa tumeshachukua kibali ofisini na kupewa kijana wa kutuongoza. Tanga likajaa upepo, na kwa muda mfupi tukawa Kilwa Kisiwani.

Gereza linakupokea ufukweni. Wareno walijenga ngome hapo walipouteka mji mwaka 1505, Waomani wakaijenga upya baada yao. Lakini miguu yangu ilitaka kwenda ndani, kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 au ya 12; sehemu kubwa yenye makuba na nguzo iliongezwa baadaye, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita mikononi mwa masultani wa hapa. Ukuta ni matumbawe, mawe ya bahari yaliyochongwa yakiwa bado laini na kuachwa yagande. Ukisimama kati ya nguzo zile unaona kuba baada ya kuba, nyingine zimefunguka, mwanga unaingia kutoka juu na popo wanahama wakikusikia. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri ya dunia. Alikuwa ameona miji mingi.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya genge. Jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane. Tulikaa ukingoni mwa birika hilo kavu, na mwongozaji akatueleza habari za fedha za Kilwa. Masultani walipiga sarafu zenye majina yao. Moja ilikutwa mbali sana, Zimbabwe Kuu. Nikamuuliza zilikuwa za madini gani.

"Nyingi ni shaba," akasema.

Nilinyamaza. Mdogo wangu alinitazama, naye akanyamaza. Mhunzi wa Kilwa aliyekuwa akigonga jina la Sultani, na mhunzi wa kwetu aliyekuwa akimimina misalaba kwenye udongo, waliishi zama zinazokaribiana. Wote wawili waliiona shaba nyekundu wakasema: hii itakuwa fedha. Na kati yao kulikuwa na watu wengi wa kupokezana, hata kauri ikafika Kisale. Nilifundishwa kwamba bara letu la ndani lilikuwa kimya hadi wazungu walipolivumbua. Niliyekaa kwenye lile birika, mtoto wa Haut-Lomami, sikuwa mgeni pale.

UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na kazi ya kuyakarabati ikayatoa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Bahari bado inakula ukingo. Nawashukuru waliobeba chokaa na mawe kuyashikilia yale makuba.

Kesho yake tulipita Kilwa Kivinje, na hapo furaha ilipungua. Nyumba za mawe zinaporomoka kwa utulivu, mizizi imeingia madirishani. Katika karne ya 19 bandari hii ilijaa watumwa walioshushwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Njia iliyoleta kauri bara ilikuwa imejifunza kuchukua watu. Sikutaka kupiga picha.

Rufiji tuliivuka kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita moja ya saruji juu ya mto wa udongo. Dar es Salaam tulikaa siku mbili, na mji huo sitausimulia sana, kwani anayeujua anaujua. Niseme mawili tu. Kariakoo nilisikia Kiswahili cha Lubumbashi nyuma yangu: mama wawili wa kwetu walikuwa wakibishana bei ya vitenge, tulikumbatiana kama ndugu. Na bandarini tuliyakuta tena malori yetu ya shaba, yamepanga foleni. Mwaka 1921 Wabeljiji walipewa eneo lao kwenye bandari hii kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite. Wenyewe wamekwenda, mizigo bado inapita.

Bagamoyo ni mwendo mfupi kutoka Dar, barabara nzuri. Tulifika alasiri wavuvi wakiuza samaki ufukweni kwa mnada, jahazi zimelala ubavu kwenye mchanga. Mji umepangwa kwa mitaa myembamba yenye milango ya nakshi. Kuna ngome, kuna boma la Wajerumani, waliofanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, kuna Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilala Februari 1874 baada ya Chuma na Susi kuutua. Nilisimama chini ya mnara wa misheni ile nikiikumbuka ile njia ya Serenje tuliyoipita kwa kasi ya kilomita themanini.

Kila mtu atakueleza maana ya jina. Bwaga moyo: mpagazi ametua mzigo, apumzishe moyo. Bwaga moyo: mtumwa ameiona bahari, auache moyo wake hapa kwa sababu harudi. Nimewauliza wazee watatu, nikapata majibu mawili. Kwangu yote mawili ni kweli, kwa kuwa waliotua pale hawakuwa wa aina moja.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Nilikwenda penye jengo la misafara, nikakaa kivulini, nikamsimulia mdogo wangu habari tatu ambazo huku pwani sikuzisikia zikitajwa.

Ya kwanza: Machi 1873 Mwingereza Cameron aliondoka Bagamoyo hii na wapagazi wake. Mwaka uliofuata alifika Kilemba, mji wa Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, yaani kwetu. Huko hakuwa mgeni wa kwanza kutoka upande huu. Alimkuta mfanyabiashara wa pwani, Juma Merikani, ameshatulia na nyumba yake. Kiswahili kilikuwa kimefika Kilemba kabla ya Mzungu.

Ya pili: Msiri. Mnyamwezi, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba, aliyeifuata shaba hadi Katanga, akatawala kutoka Bunkeya. Alituma pembe, shaba na watu kuelekea bahari zote mbili. Watu wake, Wayeke, wapo hadi leo.

Ya tatu nilimsimulia polepole. Julai 1891 msafara wa Kapteni Stairs uliondoka hapa hapa Bagamoyo, mamia ya wapagazi, wengi watu wa Zanzibar na pwani, umetumwa kuichukua Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold. Tarehe 14 Desemba walifika Bunkeya. Tarehe 20, afisa wao Bodson alimpiga Msiri risasi akamuua, naye akauawa papo hapo na mtu wa Msiri. Siku hizo chache ndizo zilizoamua kwamba mimi nisome Kifaransa, kwamba shaba yetu ihesabiwe Brussels, kwamba siku moja Mbeljiji achore viwanja vya ndege kwenye nyika ya Kamina. Na miguu iliyotembea hadi mlangoni mwa Msiri ilianzia kwenye mchanga huu.

Mdogo wangu alikaa muda bila kusema. Kisha akauliza: "Yaya, wale wapagazi walijua wanakwenda kufanya nini?" Nilimwambia walijua mshahara wao. Akainuka, akaenda ufukweni peke yake mpaka magharibi.

Tuliendelea kaskazini kupitia Saadani, ambako mbuga ya wanyama inashuka hadi mchangani, tukavuka mto kwa kivuko kuingia Pangani, mji alimonyongwa Abushiri, aliyeongoza pwani dhidi ya Wajerumani, Desemba 1889. Tanga ilikuwa kituo chetu cha mwisho. Nilitaka kufika kwa sababu ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji huo tarehe 1 Januari 1909. Kitabu chake kimoja kilitufikia Base kikiwa kimechanika jalada, tukakisoma kwa zamu, maneno mengine tukiyakisia. Pale Tanga, mama mmoja aliyetuuzia mahamri asubuhi alisema kwa mdomo wake, bila kufikiri, maneno yale yale tuliyokuwa tukiyakisia.

Ufukweni Tanga mdogo wangu aliokota kauri mbili ndogo zilizokwisha kufa. Tulirudi kwa njia ya Iringa, tukikutana na malori yanayokwenda Kongo yamebeba saruji, magari na nguo.

Msomaji unayetaka kuifanya safari hii kutoka kwetu, nenda kati ya Juni na Septemba. Chukua Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima ya gari. Inakubaliwa Zambia, Tanzania na Kenya. Beba matairi mawili ya akiba, na springi moja kwa ajili ya barabara ya Luena. Usiendeshe usiku kwenye njia ya malori. Jifunze shikamoo kabla ya Tunduma.

Na ninyi walimu na waongoza watalii wa pwani, mnaowachorea wageni ramani ya misafara: mara nyingi mstari wenu huishia Ujiji. Nawaomba muuvushe ziwa. Upelekeni Bunkeya, upelekeni Kilemba, muufikishe mpaka makaburi ya Sanga, ambako kauri zenu zimelala.